Kabla mwenzako hajaenda misheni: hakikisha bima ya familia inakujua wewe unayebaki

Mwanajeshi akishapata agizo la kwenda misheni, nyumbani watu hupanga yale wanayoyaona. Karo ya muhula, kodi ya nyumba, gesi, viatu vya mtoto, na mzazi kule mashambani anayengoja kutumiwa kitu kila mwisho wa mwezi. Bima ya afya hubaki nyuma kabisa, kwa sababu kila mtu anaamini iko sawa. "Si anakatwa kwa mshahara?" Ni kweli, anakatwa. Lakini kukatwa ni jambo moja, na kuhudumiwa dirishani saa nne usiku, mtoto anachemka homa na mwenye mshahara hayuko, ni jambo lingine.

Maisha haya si mageni kwa Wakenya. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011 kwa Operesheni Linda Nchi, na mwaka uliofuata yakawa sehemu ya AMISOM. Mwaka 2022 AMISOM ikawa ATMIS, na tangu Januari 2025 ni AUSSOM. Kuna waliopelekwa mashariki mwa Congo pia, kuanzia Novemba 2022, chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jina la misheni hubadilika, lakini nyumbani hali ni ile ile: mmoja ameenda miezi mingi, mwingine amebaki na watoto, bili na simu.

Tunaandika haya kwa wewe unayebaki. Mara nyingi ni mama watoto, lakini wanawake pia wako jeshini na wanatumwa, kwa hivyo baba watoto nawe soma. Ujumbe wetu ni mmoja: kabla mwenzako hajapanda gari, mhakikishe kwamba bima ya familia inaitikia jina lako, simu yako na kidole chako. Isiwe yake peke yake.

Kukatwa si kusajiliwa

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Anayelipwa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Mshahara ukiwa shilingi 40,000, makato ni 1,100 kwa mwezi. Ukiwa 60,000, ni 1,650. Hakuna anayechangia chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Makato hayo huja yenyewe. Familia kuingia kwenye bima haiji yenyewe. Kila mtu mzima lazima asajiliwe kwa kitambulisho chake, halafu mume au mke aunganishwe na yule anayechanga. Watoto nao huongezwa mmoja mmoja. Kama mlikuwa mmeandikishwa NHIF na hamkurudi kusajiliwa upya, msidhani mlihamishwa mkiwa mmelala. Piga *147# leo uone jina lako liko, na liko kama nani.

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu karatasi zinazotakikana haziko. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Ndoa ni ya kimila na haijawahi kuandikishwa popote. Mahari ililipwa, wazee wakala na kunywa, lakini ofisi inataka karatasi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za kimila na inaruhusu ziandikishwe, mpewe cheti. Kazi hiyo inahitaji nyinyi wawili. Yeye akishavuka mpaka, haiwezekani tena mpaka arudi likizo.

Angalieni pia rekodi za kikosini. Mwanajeshi huandika nani ni mke au mume wake, nani ni watoto wake, na nani ataarifiwa kukitokea jambo. Wako watu walioandika jina la mama mzazi siku ya kwanza ya mafunzo wakiwa hawajaoa, na hawajawahi kulibadilisha. Muulize mwenzako waziwazi: "Kikosini umeandika nani?" Swali hilo halina uchuro. Ni swali la nyumba.

Nambari ya simu ni ya nani?

Hili linaonekana dogo lakini ndilo huumiza. Unapofika hospitali, SHA inataka kuthibitisha kwamba mgonjwa ni yule aliyesajiliwa. Uthibitisho huo unaweza kuwa wa alama za vidole, au, pale inapokubaliwa, kodi inayotumwa kwa simu iliyoko kwenye usajili.

Tuseme mnaishi Lanet. Mwenzako ndiye aliyewasajili watoto, akatumia laini yake. Sasa yuko Somalia, na laini yake ya Kenya imezimwa. Wewe uko mapokezi Nakuru na mtoto mkononi. Kodi imetumwa kwa simu iliyo ndani ya begi, mamia ya kilomita kutoka hapo. Hakuna aliyekosea. Mchango umelipwa, mtoto amesajiliwa, daktari yuko. Kinachokosekana ni simu tu.

Kwa hivyo, akiwa bado nyumbani, fanyeni mambo matatu. Kwanza, wewe uwe na usajili wako kamili, kwa kitambulisho chako na laini yako iliyoandikishwa kwa jina lako. Pili, ulizeni kama watoto wanaonekana pia kwa upande wako, na simu inayopokea kodi ni ya nani. Ikibidi kubadilisha, badilisheni mapema. Tatu, nenda ukachukuliwe alama za vidole ukiwa mzima na una wakati, usingoje siku ya ugonjwa.

Laini nayo itunzwe. Isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na kampuni ya simu, na baadaye ikapewa mtu mwingine. Kama ataacha laini yake ya Kenya nyumbani, iwekwe salio na itumiwe mara moja moja ili isife.

Mkiugua, mtaenda wapi?

Familia ya mwanajeshi ina milango zaidi ya mmoja, na ni vizuri kuijua kabla ya kuihitaji.

Mlango wa kwanza ni wa jeshi lenyewe: zahanati za kambini na hospitali za kijeshi kama Forces Memorial pale Nairobi. Huko utaulizwa karatasi au kadi inayoonyesha wewe ni wa familia ya mwanajeshi. Hakikisha iko nyumbani, na kwamba haijaisha muda. Uliza pia kikosini kuhusu Defmis, mpango wa bima ya matibabu wa jeshi: familia yenu imo? Kama imo, mnaruhusiwa hospitali gani?

Mlango wa pili ni zahanati na vituo vya afya vya serikali, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Huko huduma za msingi hulipiwa na serikali kupitia mfuko wa huduma za afya ya msingi, bora uwe umesajiliwa SHA. Kwa kikohozi, malaria au kliniki ya mtoto, anzia hapo. Unaokoa pesa na foleni ya hospitali kubwa.

Mlango wa tatu ni hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu, ambako mchango wa mwenzako ndio unaofanya kazi. Kabla ya kulazwa popote, uliza mapema kama hospitali hiyo ina mkataba na SHA. SHA pia hulipa kiwango kilichopangwa. Bili ikipita kiwango hicho, salio ni lako. Ndiyo sababu bima peke yake haitoshi. Pesa kidogo ya dharura lazima iwepo.

Na ikiwa ni dharura ya kweli, kumbuka Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43: hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mtoto ahudumiwe kwanza, karatasi zifuate.

Mimba na mtoto mchanga

Wengi huagana na mwenzao wakiwa na mimba ya miezi minne au mitano. Jifungulie moyoni kwamba siku hiyo huenda hatakuwepo, kisha upange. SHA hulipa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Katika hospitali ya serikali hiyo inaweza kumaliza kazi. Ya kibinafsi inaweza kudai nyongeza, na upasuaji hautoi notisi. Uliza bei za mahali unapotaka kwenda kuanzia mwezi wa sita wa mimba, uandike tofauti, uanze kuiweka kidogo kidogo.

Mtoto akizaliwa, usitoke hospitali bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Ndiyo inayozaa cheti, na cheti ndicho kinachomwingiza mtoto kwenye bima. Mwandikishe kabla ya miezi 6 kupita, maana baada ya hapo inakuwa uandikishaji wa kuchelewa na mzunguko huongezeka. Jina la baba mkubaliane kabla hajaondoka, lenye herufi zilezile zilizo kwenye kitambulisho chake. Herufi moja ikipotea, itakusumbua miaka mingi.

Tumianeni pesa, msiachiane PIN

Tunajua linalofanyika. Anaondoka, anakuachia laini na PIN, anakwambia, "Ukihitaji kitu toa tu." Ni ishara ya kuaminiana, na hatuidharau. Lakini kama kampuni ya malipo ni lazima tuseme ukweli: PIN ni ya mtu mmoja. Ukitoa pesa kwa laini yake, kumbukumbu zinasema ni yeye aliyetoa. Mkikosana, au pesa ikipotea, hakuna kati yenu anayeweza kuthibitisha lolote. Na Mungu apishe mbali, asiporudi, pesa iliyobaki kwenye laini yake hufuatwa kwa utaratibu wa mirathi. Kujua PIN hakukupi haki juu yake.

Njia nzuri ni hii. Mwenzako aache agizo benki, kila mwezi mshahara ukiingia, kiasi mlichokubaliana kitumwe moja kwa moja kwa akaunti yako au simu yako. Hakuna kungoja mtandao urudi, hakuna kupiga simu kuomba. Wewe ukishapokea, gawanya siku hiyohiyo: ya nyumba, ya karo, na ya matibabu. Ya matibabu iwe kwenye akiba tofauti, si kwenye salio la kila siku, kwa sababu pesa inayoonekana hutumika. Hata shilingi 500 kwa mwezi, kwa mwaka ni 6,000. Hiyo ni teksi ya usiku, dawa ambazo hazipo hospitalini, na salio la bili.

Kila unapolipa hospitali, lipa kwa nambari ya malipo ya hospitali yenyewe, si kwa simu ya mtu. Ujumbe wa malipo usiufute. Ndio risiti yako siku utakapodai kurudishiwa au kuuliza kwa nini umetozwa.

Simu ya "ameumia, tuma haraka"

Matapeli wanajua misheni ni nini. Wanajua pia kwamba unalala na simu mkononi. Atakupigia mtu kwa sauti ya kijeshi, ataje jina la mwenzako, aseme ameumia na inatakiwa pesa ya ndege au ya damu sasa hivi.

Shika hili: mwanajeshi anayeumia kazini hutibiwa na jeshi. Familia haiombwi pesa kwa simu. Kata, vuta pumzi, kisha piga wewe nambari ya kikosini uliyoandika kabla hajaondoka. Kama hukuiandika, iandike leo. Punguzeni pia kuweka mitandaoni picha za kuaga na tarehe za kuondoka. Tapeli huanza na kile ulichomwonyesha.

Usibebe peke yako

Kukosa usingizi, kumfokea mtoto bila sababu, moyo kuruka kila taarifa ya habari inapoanza: hizo si dalili za udhaifu. Kambini kuna padre, imamu na maofisa wa ustawi ambao kazi yao ni pamoja na wewe. Kuna MWAK, chama cha wake wa wanajeshi. Kama unaishi mtaani mbali na kambi, tafuta angalau jirani mmoja anayejua mwenzako yuko wapi, hospitali yenu ni ipi, na funguo ya pili iko wapi.

Jioni moja, kabla ya safari

Zimeni runinga, kaeni chini na karatasi, muulizane haya:

Je, kila mmoja wetu anaonekana tukipiga *147#, pamoja na watoto wote?

Kodi ya hospitali inakuja kwa simu ya nani?

Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, nakala ya kitambulisho chake na ya karatasi yake ya mshahara viko wapi?

Kikosini ameandika nani, na nambari ya kupiga ni ipi?

Pesa ya mwezi inaingia tarehe gani, na ya matibabu inakaa wapi?

Mkiweza kujibu yote matano bila kutazamana, mko tayari. Mkikwama kwa moja, mna kazi ya kesho asubuhi, na afadhali ifanywe angali yupo. Msaada wa kupanga akiba ya matibabu au kuhakiki laini iko kwa jina la nani utaupata kwa wakala wetu yeyote. Nenda na kitambulisho chako. PIN yako usimwambie, hata akiuliza.