Kole ya Waganga: Je, Uzi na Sindano Vitaachwa?

Hapa Kisangani kila mtu anamjua fundi wa toleka. Mpira ukitoboka, anausafisha, anapaka kole, anabandika kiraka, na toleka inarudi njiani. Wewe kijana wa karieri, huko Bafwasende ao Banalia, labda umeisha kujiuliza: mwili wa mtu hauwezi kubandikwa vile?

Unaweza. Lakini si kwa kole ya butiki.

Uzi wa mganga umeokoa watu wengi. Hata hivyo sindano inatoboa, na kwenye mshipa wa damu ao moyo wa mtoto mchanga kila tundu linaweza kuvuja. Jeffrey Karp na Robert Langer, wenye elimu wa Boston huko Marekani, walitafuta njia ingine. Waliangalia konokono asiye na gamba: ute wake unashika hata mahali penye maji. Mwaka 2014 walitangaza gundi yao. Waliijaribu ndani ya moyo wa nguruwe, moyo unapiga na damu inapita, nayo ikashika.

Inafanya kazi namna gani? Gundi hiyo ni nzito kama asali. Mganga anaipaka, anaipanga vizuri bila haraka. Kisha anawasha taa ya pekee. Nuru inafanya gundi ishikamane, na kwa sekunde chache inakuwa kama mpira, inajinyoosha pamoja na nyama. Kama mganga wa meno alikuzibia jino kwa taa ya buluu, umeisha kuona kazi inayofanana.

Mwaka 2017 Ulaya iliruhusu gundi ya namna hiyo, Setalum, iliyotengenezwa na kampuni ya Paris. Haikufukuza uzi, ilisaidia tu mshipa ulioshonwa usivuje. Mwaka 2025 Marekani iliruhusu ingine, ya kuunganisha mishipa ya fahamu bila kushona.

Usidanganyike

Tunasemaga, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kidonda si ukuta. Kole ya butiki inaweza kuunguza nyama, tena inafungia udongo wa shimo ndani, na pepopunda inapata nyumba. Wengi wetu tunakumbuka majeruhi wa siku 6 za Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mji wetu. Kanuni ya upasuaji wa vita ni hii: kidonda cha bomu kinasafishwa, kinaachwa wazi siku chache, ndipo kinafungwa. Hata gundi ya nuru haiondoi kanuni hiyo.

Basi, beleshi ikikukata, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame. Osha kwa maji safi na sabuni. Siku ile ile nenda kituo cha afya, uulize chanjo ya pepopunda. Mama, baba, wafundisheni watoto: kole ya toleka ibaki kwa toleka.