Vidudu Wanaokula Tumbaku Nyumbani

Ninyi wenye kulima tumbaku katika vijiji vya Kamina, tumbaku mnayoikausha haiuzwi yote siku moja. Mafungu mengine mnayaweka nyumbani mpaka bei ipande, ndipo mnayapeleka Likasi au Lubumbashi, kwa watu wa migodi. Mnunuzi akifungua fungu akaona matundu na unga, haulizi bei tena. Anakwenda kwa mwingine. Na feza ile ilikuwa ya masomo ya watoto.

Wengi wakiona kidudu mdogo mwekundu juu ya jani wanamponda kwa kidole, wanasema kazi imekwisha. Haijaisha. Kidudu huyo, mwenye urefu wa milimita 2 au 3, siye mharibifu mkubwa. Mla tumbaku ni mtoto wake, funza mweupe mwenye manyoya, aliyejificha ndani ya fungu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 100 hivi. Wakati wa joto, yai linapasuka baada ya juma moja hivi, na tangu yai mpaka kidudu mwenye mabawa ni karibu majuma 6 mpaka 8. Basi jioni ile mnapomwona anaruka, hasara imekwisha kuingia, na ndugu zake wangali ndani.

Ni kidudu wa zamani sana. Alionekana hata katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyekufa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Tena hachagui chakula: anakula pilipili kavu, unga, hata samaki mkavu. Kwa hiyo msiweke tumbaku pamoja na samaki wa Upemba.

Kabla ya kuingiza tumbaku mpya, toeni yote ya zamani, hata vipande vilivyobaki ndani ya vitunga. Chomeni moto. Fagieni nyufa za ukuta. Hapo ndipo wanapongojea mavuno yenu.

Tumbaku iliyokwisha kuingiwa, fungueni mafungu, kung'uteni kila jani juu ya kitambaa cheupe. Yaliyotoboka sana, chomeni. Mengine yatandazeni membamba juani juu ya plastiki nyeusi, funikeni kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, zungusheni mawe pembeni. Acheni tangu saa 5 mpaka saa 9. Joto la digrii 55 likifika ndani kabisa na kukaa saa 3, mayai na funza wanakufa. Ndiyo sababu majani yasirundikwe. Yatakauka na kuvunjika upesi, basi yalainike usiku chini ya kitambaa safi kabla ya kuyafunga. Msiyaache wazi, kwa maana vidudu wanaruka jioni.

Baridi ya usiku wa mwezi wa 6 inawalegeza tu. Mtu wa mjini mwenye sanduku la sigara nene za majani, afunge sigara zake katika mfuko na kuziweka juma zima katika friza yenye baridi ya digrii 20 chini ya sifuri.

Msinyunyize dawa ya mahindi wala ya mbu. Tumbaku yenyewe inadhuru mapafu. Msiongeze sumu juu yake. Na vidonge vya kutoa gesi vinaua watu waliolala nyumbani.

Mwisho, jazeni bidoni safi yenye kifuniko cha kubana; mfuko mwembamba funza anautoboa. Fungueni kila baada ya majuma 2, mpaka miezi 2 ipite. Mkiona unga chini, rudisheni yote juani.