Je, Wajua? Divai ya Rumonge Haina Zabibu
Je, wajua kuwa ukiulizia divai ya kienyeji Rumonge, mji wa ziwani kusini mwa Bujumbura, utaletewa urwarwa, kinywaji cha ndizi? Ndizi huivishwa shimoni siku kadhaa, zikakamuliwa kwa nyasi, na maji yake yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa ili yachachuke. Jibini ya kuandamana na divai hii usiitafute; ile maarufu iko mbali, milimani Masisi, Kongo. Hapa kinachoandamana na kinywaji ni mukeke wa kuchoma, samaki asiyepatikana ziwa jingine lolote ila Tanganyika, au ndagala, yaani dagaa, waliokaangwa kwa mawese ya Rumonge yenyewe. Uchachu wa urwarwa husafisha mdomo uliojaa mafuta, kazi ambayo kwangu mimi bia ya chupa haiiwezi.