Ioni Hainyonywi: Neno Moja la Kemia Mbele ya Walimu wa Lugha

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na barazani, na kwamba kikiingia maabara hupotea njia. Kwetu Uganda, ambako Baraza la Mawaziri lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, dai hilo halikwepeki. Tumeona tulipime kwa jambo gumu: yale yatokeayo juu ya elektrodi ya dhahabu.

Ndani ya dhahabu, atomi zimejipanga kwa nafasi sawa. Zile za tabaka la juu hazina jirani upande mmoja, hivyo hujibana. Katika uso mmojawapo unaojulikana sana, atomi 23 hukaa mahali pa 22. Aliyepanda taksi ya Bugolobi jioni, akaambiwa asogee ilhali kiti kimeshajaa, ameshaelewa.

Sasa itie elektrodi hiyo katika maji yenye kloridi, upandishe volteji upande wa chanya. Ioni za kloridi huvutwa hadi zikaigusa dhahabu. Haziingii, hukaa juu yake. Hapo msongamano hulegea, na atomi za ziada husukumwa nje zikawa visiwa vyenye kimo cha atomi moja. Volteji ya chanya peke yake yaweza kufanya hivyo, ila ioni huliwahisha jambo: bromidi kuliko kloridi, na iodidi kuliko zote mbili. Volteji ikishushwa vya kutosha, ioni huondoka na atomi hujibana tena. Haya si ya kukisia. Hadubini ya ncha ya sindano, waliyoibuni Gerd Binnig na Heinrich Rohrer huko Zürich mwaka 1981, imewawezesha watafiti kuviona visiwa hivyo.

Tatizo ni kitenzi. Wengi wetu tungeandika kwamba dhahabu "imefyonza" au "imenyonya" kloridi. Sponji ndiyo hufyonza, maji yakazama ndani. Mwanafunzi akisoma hivyo ataitafuta ioni ndani ya metali, na maelezo yote yatamponyoka. "Mnato" nao umekwisha kupewa kazi nyingine katika fizikia.

Sisi tunapendekeza "kuambata". Walimu wa sarufi hawatalishangaa: kiambishi -i kikiambata kwenye mzizi wa "pika", ile k iliyo jirani nacho hugeuka, tukapata "mpishi", p iliyo mbali haiguswi. Kadhalika atomi za juu huhama, za ndani hubaki zilipo.

Mwenye neno bora na atuandikie kabla ya toleo lijalo.