Soma namba iliyo ndani ya kisanduku kabla ya kununua breka

Anayenunua breka za umeme kwa jumla Arua, akaziuza Ludara, Ariwara au Kaya, huangalia bei na ampia: 16, 32, 63. Kuna namba nyingine ndogo, imechapwa ndani ya kisanduku: 3000, 4500, 6000 au 10000. Wateja wachache huiulizia, ilhali hiyo ndiyo ya kuamulia siku ya shoti.

Ni ampia za shoti ambazo breka inaweza kuzikata kwa usalama. Nyaya mbili zikigusana, mkondo huruka kutoka makumi ya ampia hadi maelfu kufumba na kufumbua. Breka ya 3000 ikikutana na shoti ya 5000 inaweza kupasuka, au vyuma vyake vya ndani vikagandana, umeme ukaendelea kupita na nyaya zikawaka.

West Nile ilijitegemea miaka mingi kwa jenereta za Arua na mtambo wa maji wa Nyagak, Zombo, wa megawati 3.5. Mtambo mdogo, shoti ndogo. Sasa gridi ya taifa imefika, na ndani yake kuna Karuma ya megawati 600. Kila mtambo unaoungwa kwenye gridi huongeza nguvu ya shoti katika vituo vikubwa vya umeme.

Wenye fedha wana dawa yake. Mjini Essen, Ujerumani, mwaka 2014 kiliwashwa kifaa cha superkondakta kwenye laini ya volti 10,000. Vifaa vya aina hiyo hutumia utepe wa chuma uliopakwa tabaka jembamba kuliko unywele, la itriamu, bariamu, shaba na oksijeni. Ukipoozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, umeme hupita humo bila kizuizi chochote. Shoti ikija, tabaka linazidiwa, linageuka kizuizi lenyewe na kuubana mkondo kabla haujafika kileleni. Hakuna mtu wala swichi inayoguswa. Likipoa, linarudi kazini.

Ni kazi nzuri, lakini mashine ya kupooza haipumziki usiku wala mchana, na bei yake si ya Koboko. Sokoni kwetu kinachohesabika zaidi ni transfoma iliyo karibu. Ya kVA 100 hutoa shoti ya ampia kama 3,500 pale pale ilipo. Ya kVA 200, kama 7,000. Waya ukirefuka, nguvu hupungua. Kwa hiyo kinu cha kusaga kilichoegemea transfoma kubwa kinataka breka ya 10000, na kibanda cha mwisho wa laini huenda kikatosheka na 4500.

Tatizo ni breka bandia: namba huchapwa yoyote. Ipime mkononi, bandia mara nyingi ni nyepesi, kwa kuwa shaba ya ndani imepunguzwa. Tafuta pia maandishi IEC 60898, na umwombe muuzaji risiti yenye jina la duka. Akikataa, rudisha mzigo kabla hujavuka nao mpaka.