Kabla ya kukitupa kibao cha ESP32, kagua waya

WANAOANZA kujifunza utengenezaji wa vifaa vya kielektroniki aghalabu hudhani kibao cha ESP32 kimeharibika, ilhali kasoro iko kwingine.

Kidhibiti cha ESP32, kilichozinduliwa mwaka wa 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai, Uchina, hufanya kazi kama kompyuta ndogo. Kikiunganishwa na kipimo cha unyevu wa udongo, kwa mfano, huweza kumtumia mkulima taarifa kupitia waifai.

Hatua ya kwanza ni kukagua waya wa USB. Baadhi ya nyaya za kuchajia simu hupitisha umeme pekee: taa ya kibao itawaka, lakini kompyuta haitakitambua.

Pili, pakua programu ya Arduino IDE, isiyolipiwa, uiongezee faili za ESP32. Chagua aina ya kibao na mlango kilikochomekwa. Kompyuta ikishindwa kukipakia maagizo, bonyeza kitufe cha BOOT na kukishikilia hadi upakiaji uanze. Anza na maagizo mepesi ya kuwasha na kuzima taa.

Tatu, ESP32 hiyo ya awali hutumia waifai ya gigahezi 2.4 pekee. Mtandao wa gigahezi 5 hauonekani kwake kamwe.

Makosa hayo yote hurekebishika. Lisilorekebishika kwa urahisi ni la umeme: pini zake huhimili volti 3.3, hivyo kuziunganisha moja kwa moja na volti 5 kwaweza kukiunguza kidhibiti.