Protini za Utando wa Kiungo katika Baridi Yabisi

Ndani ya kila kiungo kinachojongea, kuanzia goti hadi vifundo vya vidole, mna utando laini ambao kwa mtu mwenye afya una unene wa tabaka moja hadi tatu tu za seli. Baadhi ya seli hizo ni makrofaji, zinazomeza takataka. Nyingine ni fibroblasti, zinazotengeneza ute wa kiungo. Katika ute huo kuna lubrisini, protini inayoyafanya magegedu yateleze bila kukwaruzana. Fibroblasti zenyewe hushikanishwa na protini iitwayo kadherini-11. Panya wasio nayo huwa na utando hafifu, na hata wakichochewa wapate ugonjwa wa viungo, hawaugui sana.

Baridi yabisi inayosababishwa na kinga ya mwili, ambayo si ile ya gegedu kulika kwa uzee, huunenepesha utando huo. Matabaka hufika kumi au zaidi, mishipa midogo ya damu huchipua, na chembe nyeupe humiminika humo. Asubuhi mgonjwa huamka vidole vimekakamaa, na saa nzima inaweza kupita kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati.

Mara nyingi chokochoko huanza mapema zaidi. Vimeng'enya fulani hugeuza arginini, moja ya asidi amino zinazounda protini, kuwa sitrulini. Vimentini na fibrinojeni zikishabadilishwa hivyo, kinga ya mtu mwenye jeni za kumweka hatarini huziona ngeni na kuzitengenezea kingamwili. Kingamwili hizo huweza kupatikana katika damu miaka kadhaa kabla kiungo cha kwanza hakijauma. Kwa kuwa uvutaji wa sigara huongeza hatari, wataalamu wengi hushuku kwamba kwa baadhi ya wagonjwa mambo huanzia mapafuni.

Ndani ya utando uliovimba seli huamshana kwa sitokini, protini ndogo za kupeana taarifa: TNF, interlukini-1, interlukini-6 na nyingine nyingi. Wingi huo uliwakatisha tamaa watafiti. Ingefaa nini kuzuia moja ilhali nyingine zimebaki? Jibu lilipatikana London mwaka 1989, pale kikundi cha Marc Feldmann na Ravinder Maini kilipokuza maabarani seli zilizotolewa kwenye viungo vya wagonjwa, kisha kikazitilia kingamwili ya kuizima TNF. Interlukini-1 nayo ikapungua. Kumbe TNF ilikuwa ikizisukuma nyingine. Mwaka 1992 wagonjwa wa kwanza walipewa tiba ya aina hiyo katika hospitali ya Charing Cross, na uvimbe wao ukashuka.

Uharibifu wenyewe hufanywa na protini za kundi jingine. Fibroblasti zilizochochewa humwaga vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni ya gegedu, na hutoa RANKL, protini inayozikomaza osteoklasti, yaani seli zinazokula mfupa. Ndiyo maana picha ya eksirei huonyesha vishimo vya kwanza pembezoni mwa kiungo, pale utando unapoungana na mfupa.

Kuizima TNF kuna gharama yake. Protini hiyohiyo husaidia kuwazingira bakteria wa kifua kikuu waliolala mwilini, hivyo mgonjwa hupimwa kwanza asije akawaamsha. Kwa Afrika Mashariki, ambako wengi wanao bakteria hao bila kuugua, tahadhari hiyo si ya kupuuzwa. Dawa hizo pia ni ghali, na methotreksati, kidonge cha zamani na cha bei nafuu, bado ndiyo dawa ya kuanzia karibu kote duniani.

Wapo pia ambao kuzuia TNF hakuwasaidii vya kutosha. Kipande cha utando wao kikitolewa kwa sindano na kutazamwa kwa darubini, wakati mwingine hukutwa kina chembe chache sana za kinga, na kilichojaa humo ni fibroblasti. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, watafiti sasa wanatafuta dawa ya kuzituliza fibroblasti zenyewe.